Mstari wa Bandi na Mstari wa Cherehani

Jioni ile tulikuwa wanne barazani kwetu, hapa Tabora: mimi, mke mwenzangu, aliyebaki nami tangu mume wetu afariki, binti yangu kitinda mimba, na mtoto wake wa kike, wa kidato cha nne. Majina yao ninayo yote kichwani, hata ya waliopita kutusalimu, ila siyaandiki. Wenyewe wamekataa.

Binti yangu alikuwa anarudia mtihani wa hesabu. Shule aliikatisha kwa mimba ya huyu huyu aliyekuwa sasa anamfundisha. Chuo cha uuguzi kilitaka afaulu hesabu, naye alishafeli mara mbili. Alisema akifeli tena, haombi tena.

Mjukuu akasema, "Mama, chora x kujumlisha y ni ndogo kuliko sita."

Binti yangu akapiga rula, mstari mzima, kutoka sita ya juu hadi sita ya kulia.

"Umekosea tena. Huu ni wa vipande vipande. Sita yenyewe haimo."

"Sasa mimi nitajuaje inamo au haimo?"

"Mtoto anamfokea mama yake!" mke mwenzangu akadakia.

"Sijafoka, Bibi."

Binti yangu akafunga daftari. Nikaweka chini dera nililokuwa napiga bandi, ule mshono wa mkono wa kurukaruka, nikalifungua lile daftari. Shule niliishia darasa la pili, lakini macho ninayo. Alama zilikuwa kama mdomo wa kifaranga, nyingine zina kamstari chini, nyingine hazina.

"Huyu ana pindo?" nikauliza, nikigusa alama iliyo kabla ya sita.

"Hana," akasema mjukuu.

"Basi mpigie bandi. Mwenye pindo, mpigie cherehani, haachii."

"Mwenzangu, leo umekuwa mwalimu!" Mke mwenzangu akacheka mpaka khanga ikamdondoka.

Mjukuu hakucheka. "Ndivyo hasa, Bibi. Mama, sasa jaribu sifuri na sifuri. Jumla yake ni ndogo kuliko sita?"

"Ndogo."

"Basi tia kivuli upande wenye sifuri."

Binti yangu akachora maswali kumi, akinong'ona bandi, cherehani, bandi. Zote sahihi. Akanilalia begani, mama mzima, nikamwacha.

Alifaulu kwa D, na D hiyo ikamwingiza chuoni. Mke mwenzangu anashikilia kwamba neno bandi alilitaja yeye. Mimi nakumbuka ni mimi. Tukimuuliza binti, anasema tugawane. Kama nimekosea, anayekumbuka vizuri anisahihishe.