Mwanga wa Siku ya Pili

Saa moja asubuhi, Jumapili. Mama Seli, kama wenzake wa maabara wanavyomwita, anafungua kabati lenye joto la mwili wa binadamu, anatoa kisahani na kukiweka chini ya darubini. Seli zinawaka kijani.

"Leo siku ya pili," anasema. "Siku ya wageni."

Kesho huenda asiruhusiwe kuingia hapa.

Kazi yake ni kuingiza plasmidi, vipete vidogo vya vinasaba, ndani ya seli zilizochukuliwa kwa watoto wenye ugonjwa wa misuli. Kila kipete hubeba jeni isiyo na kasoro, pamoja na jeni ya kuwaka inayoonyesha kwamba kimeingia. Siku ya pili seli hung'aa. Kisha hugawanyika na kugawanyika, vipete vinapotea, mwanga unakufa.

Seli hazijui sikukuu, zisipolishwa zinakufa. "Mume wangu husema hizi ndizo watoto wangu wa kuzaa," anacheka kidogo. "Yeye na wanawe ni wa kambo."

Wazazi huletwa kutazama siku ya pili. Siku ya saba, hakuna anayeletwa.

Mama mmoja alitazama akalia kwa furaha. Siku chache baadaye Mama Seli akakutana naye getini.

"Mtoto hajambo? Mazoezi ya miguu yanaendeleaje?"

"Mazoezi ya nini tena, dada? Dawa si nimeiona inawaka kwa macho yangu?"

Mama Seli alimshika mkono, akampeleka kwenye darubini ileile, kisahani kilekile. Giza tupu.

"Mmeizima?"

"Hatujazima kitu, mdogo wangu. Kila mara huwa hivi. Dawa bado, tena bado sana. Mrudishe mtoto mazoezini."

Mama yule hakulia. Alichukua mkoba wake akaenda zake. Tangu hapo hapokei simu, na mazoezini mtoto hajaonekana.

Mkuu wa maabara hakufoka. Aliuliza tu: "Umemnyang'anya tumaini. Umempa nini badala yake?"

Swali hilo linamnyima usingizi. Ameambiwa hadi kesho awe amemwomba mama yule radhi, ama arudishe funguo.

Anarudisha kisahani kabatini, anavua glavu.

"Mchana nakwenda kwake. Akinifungia mlango, nitakaa hapo hapo nje."

Kumwomba radhi? namuuliza.

"Kumchukua mtoto nimpeleke mazoezini, mama yake akikubali. Radhi siombi. Si kwake, si kwa mkuu, si kwa mtu yeyote."