Mkunga Ahama

Mkunga hugusa kompyuta yake ya kiganjani kwa kijiti, kisha huipuliza kama kidonda cha mtoto. Humo wamo akina mama wote aliowazalisha kwa miaka kumi na tisa: nani huogopa sindano, nani achekeshwe kwanza. Siku hizi kompyuta hiyo huzimika katikati ya jina, naye huifokea, halafu huiomba radhi.

“Shangazi, hamia kwenye simu,” binti wa kaka yake amemsihi mwaka mzima.

“Na wakipotea njiani?”

Leo asubuhi alikubali shingo upande. Binti alipounganisha waya, shangazi alisimama nyuma yake. “Taratibu, mwanangu. Usivute.” Majina yakatokea kwenye simu, yote, na maelezo yake. Mkunga akashusha pumzi, akatazama saa ya ukutani.

“Saa nne na dakika sita,” akatangaza, kama afanyavyo kila anapozalisha, mtoto anapolia mara ya kwanza.