Sauti Iliyokaa Kigodani

Juzi, kule Majimbo anakoishi, mpwa wangu alinisimamisha katikati ya sebule huku akisogeza spika zake mbili. "Anti, ukisikia kama mwimbaji amesimama mbele yako, niambie." Nikamsikia, pale pasipo na kitu, na baridi ya Timau nilikokulia ikanipanda mgongoni.

Alasiri moja nikiwa mtoto, nyumba yetu ilinuka moshi wa kuni na majani ya ngano yaliyolowa. Baba alikuwa akihangaika na spika: hii kwenye kona, ile karibu na mlango, anasikiliza, anasogeza tena. Katikati aliweka kigoda cha mama yake, aliyefariki kabla sijazaliwa. Mimi, kama ilivyo desturi kwetu, ndiye niliyerithi jina lake. Kisha akatia kaseti kwenye redio. Ikakwaruza, na kutoka kwenye kigoda kitupu, wala si kwenye spika, bibi kizee akakohoa.

"Bwana asifiwe. Mimi naitwa Karimi."

Niliamini amekuja kuchukua kilicho chake. Sasa najua kwamba spika mbili zikipangwa sawasawa, sauti hukaa katikati, na kwamba ule ulikuwa ushuhuda wake kanisani, uliorekodiwa akiwa hai. Lakini siku hiyo nilijificha nyuma ya Baba nikalia, "Mwambie mimi ndiye Karimi!"

Nilitegemea acheke. Hakucheka, wala hakuzima redio. Alikitazama kile kigoda alichokuwa amekitafutia sauti mchana kutwa, akasema polepole, "Mama, mwachie mtoto jina."