Mama Hapana na Mikono ya Chuma

Kiwandani walimwita Mama Hapana, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kulinda roboti zinazochomelea vitanda vya chuma, asije mtu wa mbali akapenya kwenye kompyuta zinazoziendesha na kuziamrisha atakavyo. Ukimwomba uchomeke flashi yako ya muziki, hapana. Ukitaka neno la siri, hapana. Alikataa kwa upole, lakini humyumbishi.

Kazi hiyo aliipata kwa msaada wa shemeji yake, kaka wa mumewe, msimamizi wa zamu, naye hakuchoka kumkumbusha. Shemeji alipotaka roboti ziunganishwe na intaneti, ili fundi wake wa bei nafuu azirekebishe akiwa nyumbani kwake, Mama Hapana alikataa. Shemeji akacheka, akasema mke wa mdogo wake ana wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga. Kisha akaenda kimyakimya, akachomeka kijisanduku cha intaneti nyuma ya kabati la umeme.

Asubuhi moja, kabla mashine hazijawashwa, Mama Hapana alipitia mipangilio kama kawaida yake. Roboti moja ilikuwa imefutiwa amri ya kusimama mtu akiingia ndani ya uzio unaoizunguka. Mkono wake wa chuma ukimkuta mtu, unampasua kifua. Na anayeingia mle kufunga vyuma ni binti mmoja mcheshi, huimba kutwa nzima.

Alizuia kazi yote, akapekua mpaka akakitoa kile kijisanduku, mlango aliopitia mtu wa mbali. Mkurugenzi akaitisha kikao, amjue aliyekiweka. Shemeji akamfuata Mama Hapana stoo.

"Shemeji, sema ni hitilafu tu. Yaishe."

"Na yule binti?"

"Si hajaumia?"

"Kwa hiyo tungoje aumie?"

Shemeji alipoona hapati kitu, akakimbilia kwa mama yake. Mwanamume mzima. Mama mkwe akapiga simu: "Tulikuoa wewe, hatukuoa kiwanda. Ukimtaja mwanangu, usinitafute tena."

Wengi wetu hapo hunyamaza, tukaitwa wake wema. Yeye alimtaja kikaoni, mbele ya macho ya shemeji, bila kuongeza chumvi wala kutoa chozi. Shemeji akavuliwa usimamizi, akapelekwa kupakia magari. Mkurugenzi akawashukuru "wataalamu wetu", jina la Mama Hapana asilitamke.

Mwisho wa juma alikwenda kwa mama mkwe, hakungoja kuitwa. Mumewe alikuwa pale, akitazama viatu vyake. Hakuna aliyemkaribisha. Akavuta kiti mwenyewe, akaketi, akaeleza taratibu mkono wa chuma ulioachiwa mgeni unaweza kumfanya nini mtu aliye ndani ya uzio.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, sauti imeshuka, kama mwanawe mkubwa naye alikuwa akiingia mle.

"Kila siku, mama. Ndiye aliyekuwa akizikagua roboti."