Mlango Uliokosa Sauti

Nyumba yangu ya Iyunga niliijenga kwa jasho langu mwenyewe, na hilo nalisema bila haya. Miaka niliyokaa Afrika Kusini nilikuwa fundi wa kufunga milango na madirisha ya maghorofa ambayo wenzangu wengi wameyaona kwenye picha tu. Nilirudi na zana zangu na stashahada ya ufundi, ambayo ipo ukutani sebuleni hadi leo. Kwa hiyo mlango mpana wa kioo wa kuburuza, wa kutokea barazani, uliposumbua, sikumwita fundi.

Mlango huo niliununua Iringa mjini, kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa inabomolewa. Alumini nene, siyo hizi za siku hizi. Ukiusukuma ulilia kama nguruwe anayekamatwa, nasi tulishazoea. Lakini baba yangu alipopata kiharusi, tukamtoa kwetu Rungwe akae kwangu, awe karibu na mazoezi ya viungo hospitalini. Mtaalamu wa mazoezi alitaka kila asubuhi atoke mwenyewe barazani, aote jua na kutembea. Mkono wake wa kulia ulikuwa dhaifu, hakuweza kuuburuza mlango ule. Alikaa ndani akisubiri mtu wa kumfungulia, na mzee yule hapendi kusubiri mtu.

Muuza vifaa wa Mwanjelwa alinishauri niutupe. "Bosi, huo umeshazeeka, spea zake hakuna." Nikamwambia nimefunga milango kama hiyo kabla yeye hajajua kushika bisibisi. Akacheka, akaniuzia magurudumu madogo ya milango ya kisasa.

Mlango wa namna hiyo unauinua juu kwenye mfereji wake, unavuta sehemu ya chini kuja kwako, unatoka. Magurudumu ya zamani yalikuwa yamelika, na reli imejaa mchanga uliogandamana na grisi. Wengi hukosea hapo: wanaongeza grisi, nayo inakamata vumbi zaidi. Mimi nilikwangua yote, nikanyoosha reli, nikachonga vishikio vipya vya yale magurudumu madogo, mwisho nikaisugua reli kwa mshumaa. Nilipousukuma mlango kwa kidole kimoja, ulikwenda hadi mwisho bila sauti yoyote. Niliita majirani waje waone. Walikuja.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kikombe kikivunjika sebuleni.

Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso. Wengi wameiacha, baba hajaiacha. Mke wangu ni Mhehe wa Kilolo, lakini aliishika desturi hiyo kuliko hata wake za ndugu zangu. Mlango ukilia, alijua baba anafunguliwa aingie, naye anajitoa kwenda jikoni. Hakuna aliyepanga hivyo, ilikuwa tu. Sasa baba alikuwa ameingia kimya, akamkuta katikati ya sebule ameshika sinia.

Baba aligeuka, akarudi barazani, akakaa akikipa kioo mgongo.

"Kesho nipeleke stendi," aliniambia. "Narudi nyumbani."

"Na mazoezi, baba?"

"Nitajinyoosha hukohuko."

Hukohuko hakukuwa na wa kumnyoosha, na mkono ndio kwanza ulikuwa unaanza kushika kijiko.

Nilisimama kwenye mlango ulio wazi. Mke wangu alikuwa jikoni, baba barazani. Walisikiana vizuri kabisa, ila kila mmoja aliongea na mimi.

"Mwambie baba asiondoke," alisema mke wangu. "Awe anagonga tu kabla ya kuingia."

"Mwambie mkamwana mimi sigongi kwa mwanangu. Kwani mimi mpangaji hapa?"

"Basi mwambie fundi aurudishe mlango ulie kama zamani."

"Fundi si ndiye mimi?"

"Ndiyo nakwambia. Tia mchanga."

Nilikataa. Kazi kama ile haitiwi mchanga.

Baba akaguna. "Mwambie mkamwana amwache fundi na mlango wake. Huyu tangu mdogo, ukimgusia kitu chake anavimba."

Mke wangu alimwaga vipande vya kikombe kwenye ndoo.

"Mwambie baba," sauti ikaja, "hodi nitapiga mimi. Kila nikitaka kutoka jikoni."

"Mwenye nyumba apige hodi ndani ya nyumba yake?"

"Mwambie ndiyo."

Baba alicheka, mara ya kwanza tangu augue, mdomo ukienda upande mmoja. "Haya. Mwambie nikiwa ndani nitamjibu 'bado', asubiri kwanza nitoke."

Stendi hatukwenda. Wageni wanashangaa kumsikia mke wangu akipiga hodi kutoka jikoni kwake, na wapo wanaodhani ni mzaha. Mimi nawaonyesha mlango unavyokwenda bila sauti.

Juzi nilikuwa sebuleni na baba, ikasikika, "Hodi!"

"Bado," baba akajibu.

Nikanyanyuka nimfungulie. Akanizuia kwa macho. Akainuka taratibu, akaweka mkono wa kulia kwenye mshikio, akausukuma mlango, akatoka. Akavuta kiti, akakipa kioo mgongo, akageukia mlimani.

"Mwambie apite," akasema.