Karanga za Mwisho wa Hadithi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nasikia kwanza mlio wa jenereta, ndipo picha inakuja. Ulikuwa mchana, lakini ndani ya ukumbi wa video wa Papa Amisi, hapa kwetu Mikelenge, mtaa wa Kindu, kulikuwa giza, maana madirisha yalizibwa kwa magunia. Nilikuwa msichana, na mdogo wangu Salima ameketi magotini pangu. Kwenye televizyo alipita kobe mdogo wa mtoni, wa kuchorwa, anashuka na maji kumtafuta mama yake. Alipofika mahali mto unapogawanyika, picha ikasimama. Ukumbi mzima ukaguna.

"Musilie, batoto," alisema Papa Amisi. "Sehemu ya pili iko Kalemie. Treni ikifika, na yenyewe itafika."

Nimeikumbuka jana, uliponijia na simu yako. Ulikuwa unacheka kwa sababu katuni mpya inakuja, ya binti anayefuga mawingu, nawe unahesabu siku. Halafu ukaona tangazo la pili, la wale sungura, sehemu ya tano. Ukakunja uso. "Bibi, tena bale-bale!" ulisema, ukauliza kama ni vibaya kuchoka na kitu ulichokipenda. Sikukujibu jana. Mzee hujibu akishalala na swali.

Basi sikiliza. Ilikuwa miaka ya vita, reli imekatika na Kindu tumebaki peke yetu na mto wetu. Baba alikuwa fundi wa treni. Treni yake iliondoka kwenda kusini kabla njia haijafungwa, na hakurudi. Hakuna aliyetuambia amekufa, hakuna aliyetuambia yu hai. Salima, kwa akili zake za kitoto, akaunganisha mambo mawili: treni itamleta kobe, treni itamleta baba. Kila mchana akatoroka kwenda stesheni, akakaa mbele ya reli zilizoota majani, katikati ya askari wenye bunduki. Mimi na bibi yetu, aliyetulea, tulimkataza, tulimchapa, wapi. Niliogopa sana, mwanangu. Siku hizo mtoto alikuwa anapotea hivihivi tu.

Nikaona nimzuie kwa ulimi. Nikaanza kumsimulia mimi mwenyewe sehemu ya pili. Akabaki nyumbani! Nilifurahi nikajiona mjanja. Kesho yake nikamwekea kobe mamba njiani, keshokutwa mafuriko, kisha mamba yuleyule na ndugu yake. Kila nikikaribia kumfikisha kobe kwa mama yake, roho yangu ilisita, nikasema, "Itaendelea kesho."

Sasa, kwetu hadithi ina desturi yake. Msimulizi huweka karibu bakuli la karanga za kukaanga, na hakuna anayegusa. Hadithi ikimalizika, anamtilia kila msikilizaji karanga kiganjani na kusema, "Shika, imeisha." Msikilizaji anajibu, "Imefika." Kabla ya hapo hadithi haijafungwa, na wazee walisema hadithi isiyofungwa hulala na watu kitandani. Mimi bakuli nilikuwa nalifunika kila siku, karanga zimo vilevile. Salima alikwisha kuacha kucheka. Wali wake alikuwa anauchezea tu. Siku moja akaniuliza mimi, yaya wake, yaani dada mkubwa, bila hata kunitazama, "Yaya, kobe hafikake hata siku moja?" Kesho yake akarudi stesheni.

Bibi yetu, mama mzaa baba, alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, pembeni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ukali wake ulikuja polepole kama maji ya mto wetu Lualaba yanavyopanda. Akafunua lile bakuli. Karanga zilikuwa zimeanza kunuka.

"Binti, uko unamulisha mutoto moshi ya chungu," aliniambia. "Wali haumupi."

"Bibi, nikimaliza, atajua baba harudi."

"Yule ni mwana wangu miye. Hakuna refu lisilo na ncha. Kaanga karanga zingine, umalize. Na miye nitasikiliza."

Nikakaanga. Salima tulimrudisha, tukaketi watatu mkekani, jua limeingia kupitia matete ya ukuta. Nikasimulia kwamba kobe alichagua mkono mmoja wa mto, akaelea mpaka akafika kwenye mchanga mweupe alipozaliwa. Mama hakuwepo. Mchanga ulikuwa bado una joto. Kobe akalala juu yake, akaota jua, na alipoamka aliona makobe wengine wadogo wanatoka majini, akawapisha wakae.

"Mama hatarudi?" aliuliza Salima.

"Hatarudi," nikasema.

Nikamtilia karanga kiganjani. Alilia sana, kisha akazila, moja moja, akasema, "Imefika." Nikadhani tumemaliza, kumbe bibi amenyoosha mkono wake pia. Nikampa. Alizitafuna machozi yakimshuka, na hapo ndipo nilipofahamu ni nani kati yetu aliyekuwa anangoja zaidi. Usiku ule Salima alikula wali wake wote, na stesheni hakurudi tena.

Miaka ikapita, treni ikaja. Baba hakuwemo, ila kaseti ya sehemu ya pili ilikuwemo, na Papa Amisi akaita mtaa mzima. Kobe yuleyule akampoteza mama yake upya, akakutana na adui walewale, na mwishoni mto ukagawanyika tena. Salima, sasa msichana mkubwa, alisimama kabla taa hazijawashwa. Akafungua fundo la kitenge chake, akanitilia karanga mkononi.

"Yaya, yetu iliisha," alisema, akatoka zake kwenye mwanga.

Kwa hiyo, mwanangu, si vibaya kuchoka. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, na sikio lililochoka nayo halina kosa. Mngojee binti wa mawingu kwa moyo wote, maana kungojea jipya ni utamu wa ujana, nami nitamngoja pamoja nawe. Lakini kilichofika, kiache kimefika, wala usimwonee haya yule mtoto uliyekuwa, aliyekipenda. Nawe siku ukisimulia chako, uwe na moyo wa kukimaliza, hata kama mwisho unauma, kwa sababu yupo mtu anaangalia bakuli.

Mungu akupe macho ya kustaajabu mpaka uzee wako. Akupe wa kukaa nao mkekani, na chochote unachokingoja leo kikukute ukiwa mzima, umeshiba.

Nyoosha mkono. Shika, imeisha.