Nukta za Penseli

Mama anayetunza vitabu vya kanisa pale Philadelphia haruhusu mtu aguse ukurasa kabla ya kunawa mikono mbele yake, na ukishanawa anakukagua kucha kama mtoto wa shule. Mikono yake mwenyewe inanuka gundi ya unga. Huongea polepole, penseli imechomekwa kwenye mvi zake, na penseli hiyo hamwazimishi mtu ovyo. Jumanne moja Profesa Pettiford, mzaliwa wa mtaa uleule aliyerudi na shahada zake, alikuwa akimweleza kwa bashasha kwamba wasomi wa siku hizi wamegundua kuwa ubaguzi wa rangi hautokani na maumbile, bali ulitungwa na watu.

"Hongera zao. Wamegundua lini, mwanangu?" aliuliza, huku akifunua kijitabu cha mhubiri mmoja mweusi, kilichopigwa chapa karibu miaka mia mbili iliyopita. Pettiford akasoma: "Ngozi yangu haikunifanya mtumwa, sheria ilinifanya mtumwa, kisha ikaisingizia ngozi." Pembeni pa mstari huo palijaa nukta za penseli, nyingine zimefifia kabisa, maana desturi ya wasomaji wa kanisa lile ni kuweka nukta moja tu maishani, penye neno lililowagusa.

"Yako ipi, mama?"

Akamwonyesha moja nene, iliyokaribia kutoboa karatasi. "Nilikuwa na miaka tisa. Siku hiyo mwalimu alituambia kwamba sisi weusi ndivyo tulivyoumbwa, tuwe chini." Kisha akachomoa penseli kichwani, akampa.